Giaboksi ya F-150 Lightning: ya kwake au ya kisasa?

Kaka, umeuliza ufanye nini na Lightning yako ya 2002 (ile pikapu ya Ford ya petroli) inayoteleza gia: mimi ningebaki na 4R100 yake, giaboksi otomatiki ya gia nne iliyokuja nayo, isukwe upya. Ile 6R80 ya kisasa ya gia sita ni nzuri kweli, lakini itakudai kompyuta yake ya pembeni, waya mpya na kurekebisha propela shafti. Pesa hiyo bora iende kwenye sahani imara za klachi na konveta nzuri (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi), maana huko ndiko torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 610 ya injini yenye supachaja (pampu ya kuisukumia hewa zaidi) inakoumiza.

Ukipata 4R100 ya mtumba, uliza kwanza imetoka kwenye injini gani. 4R100 ya dizeli ya lita 7.3 haitakaa: sehemu ya mbele inayoshika injini imeumbwa pamoja na bodi yake, na matundu ya bolti hayalingani na ya lita 5.4 yako. Ya V10 ya lita 6.8 yanalingana, ila giaboksi yenyewe isiwe ya 4x4.

Na tafadhali sana, usifunge giaboksi mpya kwenye kipoza oili cha zamani. Chenga za chuma za ile iliyokufa zimebaki mle. Nunua kipya, na mabomba yake yasafishwe yote.