Maswali na Majibu: Gari la Doria Halichaguliwi kwa Mbio

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu magari na pikipiki za polisi, na waandishi wengi wanadhani kwamba mbio ndizo zinazotazamwa kwanza. Mifano yangu mingi inatoka Marekani, kwa sababu huko matokeo ya majaribio huwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Nani anayeamua polisi wa Marekani watumie gari gani? Ni serikali kuu? (Msomaji, Arusha)

Si serikali kuu. Kila idara, iwe ya mji, ya kaunti au ya jimbo, hununua kwa bajeti yake, na idara hizo ni maelfu. Zilizo ndogo hazina uwezo wa kujaribu magari, kwa hiyo hutegemea mikataba ya bei iliyokwisha kufungwa na jimbo pamoja na majaribio yanayofanywa na wengine. Yanayotegemewa zaidi ni ya Michigan State Police, yaani polisi wa jimbo la Michigan, ambao kila mwaka huyapeleka magari mapya ya doria kwenye uwanja wa majaribio wa Chelsea na uwanja wa mbio wa Grattan. Huko hupimwa muda wa kufikia maili 60, 80 na 100 kwa saa, kasi ya juu, umbali wa kusimama baada ya breki kukanyagwa kwa nguvu mara kwa mara, na uthabiti kwenye kona. Vilevile askari huketi ndani ya kila gari na kutoa alama kuhusu viti, nafasi ya kichwa, uwezo wa kuona nyuma na urahisi wa kufunga redio. Idara ya Sheriff ya Los Angeles County nayo hufanya majaribio yake.

Majaribio hayo hayamtangazi mshindi. Idara hupewa takwimu, kisha kila moja huamua kipi kina uzito kwake: wa mjini hujali mafuta na ukubwa wa gari, wa barabara kuu hujali breki na mzigo. Ningependa kuona majeshi yetu ya polisi yakichapisha majaribio ya namna hiyo kabla ya zabuni kutangazwa, kwa kuwa mlipa kodi anayeonyeshwa bei peke yake hana njia ya kujua kama amenunuliwa kitu kinachofaa.

Kwa nini polisi wetu wasiwe na Lamborghini kama Dubai? (Msomaji, Mombasa, na wengine wengi)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na ninawaomba wasomaji waliache. Magari ya kifahari ambayo polisi wa Dubai walianza kuyaonyesha mwaka 2013 huwekwa mbele ya watalii na kwenye maonyesho, na doria ya kila siku hufanywa kwa magari ya kawaida. Lamborghini za polisi wa Italia zina kazi maalumu zaidi, ikiwemo kusafirisha viungo vya kupandikizwa kwa wagonjwa. Gari la watu wawili halina mahali pa kumweka mahabusu, halipandi tuta la mtaa wowote wa Mombasa, na kipuri chake kimoja kinaweza kumaliza bajeti ya karakana nzima.

Gari la polisi lina tofauti gani na langu la aina hiyo hiyo, mbali na king'ora? (Msomaji, Nakuru)

Tofauti ni kubwa, na hapa ndipo fedha za umma hupotea. Ford, Chevrolet na Dodge hutengeneza matoleo ya polisi yenye altaneta (kifaa cha kuzalisha umeme wa gari) kubwa zaidi kwa ajili ya taa, redio na kompyuta, mfumo imara zaidi wa kupoza injini na mafuta ya gia, breki nzito, mita ya kasi iliyothibitishwa, na viti vilivyochongwa pembeni ili mkanda wenye bastola na pingu usimbane askari. Hata hivyo, si kila toleo la polisi limeidhinishwa kwa kufukuzana. Kwa muda mrefu Chevrolet Tahoe iliuzwa kwa sura mbili, moja ya kufukuzana na nyingine ya huduma maalumu, na mnunuzi asiyesoma maelezo angeweza kumkabidhi askari gari lisilopaswa kwenda mbio hizo.

Sababu ya yote haya ni kwamba gari la doria husimama kwa saa nyingi injini ikiwaka, kisha ghafla hudaiwa nguvu zake zote. Nchini Uingereza, Januari 2020, askari mmoja alifariki kwenye barabara ya M6, Cumbria, baada ya injini ya dizeli ya BMW yake kuharibika na kuwaka moto akiwa katika mwendo wa kasi. Injini ya aina hiyo iliwatumikia raia wengi bila taabu, lakini mwendo wa kipolisi, yaani kusimama muda mrefu na kukurupuka, ulikuwa mzigo wa namna nyingine.

Naongeza onyo ambalo hukuliuliza. Mwaka 2017 polisi wa Austin, Texas, waliondoa barabarani takribani Ford Explorer 400 kwa hofu ya hewa yenye sumu kuingia ndani, na Ford ilieleza kwamba katika baadhi ya magari ya polisi, matundu yaliyotobolewa wakati wa kufunga vifaa hayakuzibwa sawasawa. Fundi anayefunga vimulimuli anastahili kukaguliwa kama kiwanda kinavyokaguliwa.

Je, viwanda huwapa polisi magari bure? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa kawaida hapana, na atakayepewa bure aulize kwanza bei ya vipuri.

Kwa nini Crown Victoria ilipendwa hivyo, na kwa nini iliachwa? (Msomaji, Zanzibar)

Gari hilo la Ford lilikuwa pana, bodi yake ilikaa juu ya chesisi, injini yake ya V8 ya lita 4.6 ilivumilia mateso, na gari lililogongwa lilitengenezwa kwa gharama ndogo likarudi kazini. Ubaya wake ulikuwa tanki la mafuta lililokuwa nyuma ya ekseli: gari la polisi huegeshwa kando ya barabara kuu, na baadhi yaliyogongwa kutoka nyuma kwa kasi yaliwaka moto, hata Ford ikaanza kutoa kinga za tanki mwaka 2002. Utengenezaji ulikoma mwaka 2011. Ndipo idara nyingi zikagundua gharama ambayo haikuwa kwenye hesabu: vizimba vya mahabusu, meza za redio na rafu vilivyopimwa kwa gari hilo havikuingia katika jingine. Anayebadilisha aina ya gari hubadilisha karakana yote.

Kwa nini huku kwetu ni Land Cruiser tu? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu inafaa. Toleo la 70, lililoanza mwaka 1984, na hasa lenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, linatengenezwa na fundi wa wilaya yoyote na linavumilia mafuta mabaya na barabara mbaya. Ugomvi wangu hauko kwenye gari, uko kwenye mabenchi yanayofungwa nyuma yake. Askari huketi hapo migongo ikitazamana, bunduki mkononi, bila mkanda, na gari likipinduka hakuna cha kuwazuia wasirushwe nje. Zabuni ikiandikwa, mkanda na fremu ya kuzuia kupondwa viwe masharti, si mapambo. Kenya ilianza kukodi magari ya polisi mwaka 2013, na kukodi kunaweza kuwa na faida ikiwa matengenezo yamo ndani ya mkataba, lakini masharti haya ya usalama yanapaswa kuandikwa humo pia.

Pikipiki kubwa au ndogo? (Msomaji, Kisumu)

Polisi wa Detroit walinunua Harley-Davidson tangu 1908, na Kawasaki KZ1000 ya polisi ilitengenezwa hadi 2005, lakini ukubwa huo una kazi yake: misafara, barabara ndefu, na mwendo wa polepole sana bila mashine kuchemka. Kwa vichochoro na barabara za vumbi, pikipiki nyepesi yenye breki nzuri inatosha, alimradi askari apewe mafunzo na kofia halisi. Asinunuliwe pikipiki ya kumfukuza bodaboda aliyebeba abiria. Namba yake isomwe, afuatwe kesho.

Ninaishi Minneapolis na nataka kununua Dodge Charger ya polisi mnadani. Ina maili 90,000 tu. (Msomaji)

Usitazame maili peke yake. Ford hukadiria kwamba saa moja ya injini kuwaka gari likiwa limesimama ni sawa na takribani maili 33 za mwendo, na kanuni hiyo inasaidia hata kwa Dodge. Tafuta kipimo cha saa za injini: saa 3,000 za kusimama huongeza karibu maili 100,000 juu ya hizo unazoziona. Kisha kagua nyaya zilizokatwa wakati vifaa vilipong'olewa, matundu ya sakafuni na paani, na hali ya mafuta ya gia, kabla hujanyanyua mkono mnadani.