Baldur's Gate 3: viluwiluwi vile, ule au uviache?

Ndugu, nimekuelewa: unaogopa kwamba katika mchezo huu wa video, ukila viluwiluwi (vijidudu vya mazimwi waitwao mind flayer, vinavyompa mhusika nguvu mpya), mhusika wako atageuka zimwi na mwisho wa hadithi utaharibika. Vile vya kawaida kula tu. Uso haubadiliki. Anza na nguvu iitwayo Luck of the Far Realms: ukimpiga adui, unaligeuza pigo hilo kuwa pigo kali kabisa, mara moja hadi upumzike usiku. Kwa mabosi, yaani maadui wakubwa, inasaidia mno.

Pa kujihadhari ni sehemu ya tatu, mlinzi wa ndotoni anapokupa kiluwiluwi cha pekee. Kinakupa kuruka angani, lakini mishipa myeusi inakutambaa usoni na hakuna kurudi nyuma. Hifadhi mchezo kwanza, kwenye faili jipya. Kama unamwigiza kasisi anayechukia uchafu huo, kikatae. Unamaliza vizuri bila hicho.