Mwanangu, kuhusu ile kampeni ya 1995

Mwanangu mpendwa,

Umesema kuna mgombea udiwani huko kwenu amekuomba umsaidie kampeni, kila mtu anakwambia hapiti, na unataka kujua mimi nilipata nini kwa kumhangaikia Mrema miezi mizima halafu akashindwa. Kwenye simu nilikujibu harakaharaka. Swali lako lilistahili zaidi ya vile.

Nilikuwa na miaka 23, nakaa Tandika, Dar es Salaam, kwa mama mdogo. Augustino Mrema alikuwa ametoka CCM mapema mwaka ule, akagombea urais kwa NCCR-Mageuzi. Alishakuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, yule wa kuwapa watu siku saba watekeleze agizo lake, na sisi vijana tuliona amepatikana mkubwa anayewasikia wanyonge. Gari lake likipita, watu walilisukuma kwa mikono. Nami nililisukuma. Bati lilikuwa la moto kwa jua, viganja vikaniwasha mpaka jioni.

Usiku tulikuwa tunakoroga uji wa unga wa ngano wa kubandikia mabango. Ukiwa na mabonge, asubuhi unakuta karatasi imebanduka iko mtaroni. Mchana nilipita nyumba kwa nyumba na daftari, naandika N kwa ndiyo, H kwa hapana. Na hapo nilikosea, maana kila aliyenikaribisha maji nilimwandikia N.

Siku moja nilimkuta bibi mmoja uani anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwalimu kasema Mkapa, na mimi niko na Mwalimu." Ni kweli, Mwalimu Nyerere alikuwa anazunguka nchi kumnadi Mkapa, mgombea wa CCM. Nikaandika H, nikainuka. Akanishika mkono. "Kaa kwanza. Tangu nianze kupiga kura hakuna aliyewahi kuja hapa kuniuliza namtaka nani."

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Miaka yote ya chama kimoja mgombea urais alikuwa mmoja, nawe unajibu ndiyo au hapana, basi. Vyama vingi vilirudi 1992, na ule ndio ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu hapo. Nikakaa. Akanisimulia shida ya maji, bei ya mchele, mjukuu aliyerudishwa nyumbani kwa ada. Karibu saa nzima, nami naandika.

Jumapili ya tarehe 29 Oktoba nilikuwa wakala kituoni. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wakaweka mawe kushika nafasi, na karatasi za kura hazifiki. Vurugu zilikuwa sehemu nyingi za jiji, mpaka kura za majimbo yote saba ya Dar es Salaam zikafutwa na kurudiwa 19 Novemba. Matokeo ya urais yalipotangazwa, Mkapa alikuwa na asilimia 61.8, Mrema 27.8. Nililia sana, mwanangu. Tulikuwa tumeuhesabu umati wa barabarani kama kura, tukasahau kuwa nchi ni kubwa kuliko Dar es Salaam.

Sasa nikujibu. Nilipata ile saa ya uani kwa yule bibi. Kabla ya hapo nilidhani kampeni ni kuwaambia watu. Miaka yote niliyokaa kwenye kamati ya shule ya mtaa wetu, nimekuwa nikianza kwa kuuliza, kisha nakaa.

Kama unamwamini huyo mgombea wako, nenda. Ila omba upangiwe nyumba kwa nyumba, usikubali kubaki jukwaani. Na usiandike N na H kama mimi. Andika walichokwambia, kwa maneno yao, umpelekee mgombea ayasome hata kama hayampendezi.

Daftari langu lipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ukija Desemba nitakuonyesha. Ukurasa wa yule bibi una doa la uji pembeni, na ile H niliikata kwa kalamu nikaandika chini yake: maji, mchele, ada.

Mama yako