Nilitibiwa taifodi mara tatu, kumbe shingo

Januari ni mwezi wa sare za shule, na fundi cherehani yeyote anajua maana yake: sketi za marinda, mashati meupe, kaptula, na wazazi wanaokuja Ijumaa jioni kuulizia nguo ya Jumatatu. Mimi nashonea kibarazani Ngamiani, Tanga, na nina miaka 19 kwenye cherehani. Januari ya mwaka juzi nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikagundua siuhisi. Nimeushika kwa kidole gumba na cha shahada, naona kwa macho kwamba nimeushika, lakini vidole havinipi habari yoyote. Uzi ukadondoka. Nikaokota, ukadondoka tena.

Kabla ya hapo nilikuwa na miezi saba ya kuumwa kichwa. Maumivu yakianzia kisogoni upande wa kulia, yakipanda, kisha yanakuja kutulia nyuma ya jicho. Yalikuwa yanafika saa tisa alasiri, na Jumapili hayaji. Hilo la Jumapili nililiona, sikulipa uzito. Nikaenda zahanati moja, nikatolewa damu, nikaambiwa taifodi. Nikamaliza dozi, nikarudi: taifodi tena. Mara ya tatu wakaniongezea na UTI juu yake, maana kwetu mtu mzima akilalamika kichwa hakosi kimoja kati ya vitatu: malaria, taifodi au UTI. Baadaye ndiyo nikajua kwamba kile kipimo cha damu, kinachoitwa Widal, kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiye nayo. Lakini hata bila kujua hayo, ningejiuliza mapema: taifodi gani hii inayopumzika Jumapili?

Zahanati iliponishinda nikahamia kwa kinyozi. Ni jirani yangu, tunaazimana mpaka ndoo ya maji. Akaniambia, "Kaka, hiyo mishipa imekaza tu, niachie mimi." Akanishika kidevu, akanisokota ghafla, shingo ikalia ka! Nikapata afueni ya nusu saa. Nikawa naenda kila wiki, na siku nyingine nakunywa diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa, mpaka tumbo likaanza kuniwaka moto. Yule kinyozi sasa hivi kunyoa ananinyoa, shingo ananiachia. Ndani ya mifupa ya shingo, kulia na kushoto, inapita mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo. Kusokotwa kwa ghafla kunaweza kuuchana mmoja, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Haitokei kila siku, lakini ikitokea siku yako hakuna wa kumlalamikia.

Ganzi ya vidole ndiyo iliyonipeleka hospitali, na huko nikapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti ambaye angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. "Shikamoo baba." Marahaba. Nikajiandaa kulala kitandani nikandwe. Badala yake akavuta kiti: "Hebu kaa kama uko kazini, ushone." Nikaona aibu kidogo, nikashona hewa. Akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe, kwa ubavuni, akanionyesha. Sikio langu lilikuwa mbele ya bega kwa kiasi cha kiganja kizima. Uso uko pale ambapo sindano ingekuwa. Mgongo umejikunja kama ndoano.

Akanipima kifundo cha mkono kwanza, kwa sababu ganzi ya vidole hivyo inaweza pia kutoka kwenye mshipa wa fahamu unaobanwa pale kiganjani, na mafundi wengi wanao huo ugonjwa. Kisha akanigeuzia kichwa kulia, akakilaza nyuma taratibu. Ganzi ikaja mpaka kwenye gumba. "Inatoka shingoni, baba," akasema.

Alivyonieleza, nami naeleza kwa ninavyokumbuka. Shingo ina pingili 7. (Twiga naye anazo 7 hizo hizo, ila twiga hashoni.) Kati ya pingili inachomoza mishipa ya fahamu inayoteremka mikononi, na ule wa sita ndio wenye gumba na kidole cha shahada. Ukibanwa au ukivimba pale unapotokea, kinachokufa ganzi ni kidole, wakati shingo yenyewe inaweza isikuume sana. Ile mishipa ya fahamu ya juu kabisa, chini ya kisogo, inakutana ndani na mshipa wa usoni, kwa hiyo ubongo unachanganya: maumivu ya shingo unayasikia kwenye paji au nyuma ya jicho. Hiyo ndiyo iliyokuwa taifodi yangu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, mifupa inakibeba. Kikitangulia mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokivuta kisianguke, kutwa nzima. Daktari mmoja wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alitoa hesabu zake mwaka 2014: ukiinamisha kichwa kwa pembe ya nyuzi 15 shingo inabeba kama kilo 12, nyuzi 30 kilo 18, nyuzi 60 kilo 27. Kilo 27 ni ndoo ya lita 20 iliyojaa na kidumu cha lita 5 juu yake. Ni hesabu za kompyuta, hakuna aliyepimwa kwenye mizani, lakini mimi mwili wangu ulikuwa umeshazithibitisha.

Nilidhani ataniambia nisiiname tena. Nikamwuliza, fundi asiyeinama anashonaje? Akacheka. "Baba, kuinama si kosa. Kosa ni kuinama na kubaki huko." Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu mwanzo: "Macho je?"

Nina miaka 43. Nilikuwa nimeshaanza kushindwa kuona tundu la sindano, na badala ya kukiri, nilisogeza kichwa. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo zaidi. Nikapimwa, nikapewa miwani ya kusomea namba 1.50. Siku ya kwanza nimeivaa kichwa kilirudi nyuma chenyewe, bila mazoezi wala nia njema. Kama una miaka 40 na zaidi na kazi yako ni ya karibu, anza na macho kabla hujanunua kiti.

Taa ilifuata. Nilikuwa nategemea mwanga wa mlangoni, nao uko mgongoni, kivuli changu kinaangukia kazi. Taa ndogo ya kubana upande wa kushoto wa sindano imemaliza hilo.

Meza ilinisumbua zaidi. Ushauri mwingi wa mtandaoni ni wa watu wa ofisini: inua kioo kifike usawa wa macho. (Kama wewe ni wa laptop, iweke juu ya rimu kadhaa za karatasi, tumia kibodi ya pembeni, basi, umemaliza.) Cherehani huwezi kuipandisha usawa wa macho. Ile ya miguu ni ngumu zaidi, kwa sababu ukiinua meza na pedali inapanda nayo. Yangu ni ya mota, pedali inabaki sakafuni, kwa hiyo seremala alinikatia vipande vya mbao: inchi 2 chini ya miguu ya mbele, inchi 3 chini ya ile ya nyuma. Meza imepanda na inaniinamia kidogo, kazi inanitazama usoni. Nilijaribu kwanza inchi 4, mabega yakapanda masikioni, nikaumwa upya. Viwiko vikiwa karibu usawa wa meza, hapo patosha.

Kukata vitambaa chini kwenye mkeka nimeacha. Nakata nimesimama, meza ya kiunoni. Na pasi nimeihamishia pembe ya pili ya kibaraza makusudi, ili kila nikimaliza kipande ninyanyuke mwenyewe. Zamani kijana wangu ndiye aliyepiga pasi zote, mimi naweza kukaa kwa muda wa saa nne bila kuinuka, nikijiona mchapakazi.

Zoezi nililopewa ni moja ambalo bado nalifanya: unakaa wima, unarudisha kidevu nyuma kama mtu anayekwepa mdomo unaonuka, bila kuinama wala kutazama juu, unahesabu hadi 5, mara 10. Wateja wanacheka. Maumivu ya kichwa yalipungua baada ya wiki kama sita. Ganzi ilichukua miezi mitatu, na ncha ya gumba mpaka leo ni nzito kidogo asubuhi.

Mambo mengine si ya kusubiri mazoezi. Mkono ukiishiwa nguvu ukaanza kuangusha vitu, miguu ikipepesuka, mkojo ukakataa kuja au ukaja bila ruhusa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo shingo ikikakamaa pamoja na homa kali, au ikianza kuuma baada ya kuanguka na bodaboda. Usipitie kwa kinyozi.

Kijana wangu nimempa kazi ya ziada: akiniona nimezama kwenye nguo muda mrefu, anagonga mkasi mezani mara mbili. Anaifanya kwa furaha kupita kiasi. Juzi nimemgongea mimi. Alikuwa ameshamaliza kazi, yuko kwenye kigoda mlangoni, kidevu kifuani, simu mapajani.