Ukimkosoa Mwenzako Mbele ya Gwaride, Utampoteza

Mimi ni kiongozi wa skauti wa kujitolea huku Likoni, Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Chipukizi wetu, wale wa miaka 11 hadi 14, hukutana Jumamosi alasiri kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nawaandikia viongozi wenzangu, hasa mlioanza juzi na mnadhani nidhamu ni kupaza sauti. Hata mimi nilidhani hivyo.

Jumamosi moja tulikuwa tukijiandaa kwa sherehe za Februari 22, siku ya kuzaliwa kwake Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941. Watoto wamejipanga safu tatu, wametulia. Mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyenizidi miaka ishirini na ushei, akaingia amechelewa. Juu kavaa shati la sare na skafu, chini suruali ya jinzi yenye madoa ya vanishi, na champali miguuni. Nikamwambia kwa sauti ileile ya gwaride, "Mzee, hiyo si sare. Watoto wanakuangalia."

Watoto wawili watatu wakacheka. Yeye hakunijibu. Akanipigia saluti ya vidole vitatu, akavua skafu, akaikunja taratibu kama mtu anayekunja msala, akaiweka juu ya ngoma na kuondoka. Miezi minne hatukumwona. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha mafundo na kufunga miti ya kambi, na sisi tuliobaki tulijua mafundo mawili tu.

Kosa la sare lilikuwepo, sikatai. Lakini mtu wa mshahara ukimfokea huvumilia, maana mwisho wa mwezi upo. Wa kujitolea kashona sare kwa pesa zake, kalipa nauli, kawaacha wanawe nyumbani. Kinachomrudisha kila Jumamosi ni heshima anayoipata pale uwanjani. Ukimvunjia mbele ya watoto, anarudia nini?

Nilimwendea kwake na mwenyekiti wa wazazi, mama mwenye busara anayejua kusema na watu. Nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamwomba radhi, na sikutia "lakini" ndani yake. Ndipo nikajua: yeye ni seremala, karakana yake iko Kisiwani, hutoka kazini saa saba, kisha foleni ya feri humla saa nzima. Akipitia nyumbani kubadili nguo, gwaride limekwisha. Alichagua kuwawahi watoto. Tulipoagana akaninyooshea mkono wa kushoto. Huku kwetu mkono wa kushoto hapewi mtu, ni utovu wa adabu, na mkewe pale mlangoni alishtuka. Lakini skauti kwa skauti hiyo ndiyo salamu. Nikaupokea, machozi yakinilengalenga.

Tangu hapo tuna sanduku la bati kwenye stoo ya shule: suruali mbili za akiba, viatu, soksi, rangi ya viatu, sindano na uzi. Wakubwa hukaguana huko nyuma ya stoo dakika 15 kabla ya kuwakagua watoto. Mtu huambiwa jambo moja, kwa sauti ya chini, pamoja na dawa yake: "Mwalimu, kifungo cha pili kimetoka, uzi uko sandukuni." Mdogo akimwambia mkubwa, aanze na ombi. Likijirudia mara ya tatu, muulize habari za nyumbani na kazini kabla ya kumsomea kanuni. Akija ananuka pombe, hilo ni jambo jingine kabisa: hasimami mbele ya watoto siku hiyo, na wanaomwambia ni viongozi wawili, pembeni.

Kanuni zenyewe tumeziandika, tukawasomea wazazi, na zinatubana hata sisi. Usinakili za kambi ya jeshi. Jiulize kila kanuni inafanya kazi gani. Kucha ziwe fupi kwa sababu ya kamba na chakula cha kambini. Nywele ndefu zifungwe tukiwa karibu na moto. Wasichana wetu wengi huvaa mtandio, basi tulikubaliana uwe wa rangi moja na upite chini ya skafu. Na ukitaka kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya rasta, kumbuka kwamba mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kuwa shule ilikosea kumfukuza mwanafunzi Mrastafari kwa nywele zake.

Kwa watoto, pushapu, kupiga magoti kwenye kokoto na kuimbishwa mbele ya wenzao tuliviondoa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya akili, na Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu, mtoto akiwemo. Hata bila sheria, nimeona mtoto aliyeaibishwa kwa soksi moja akikosa wiki tatu mfululizo. Siku hizi tunaandika kwenye daftari na kuzungumza naye baada ya gwaride, mahali ambapo mkubwa mwingine anatuona. Usimvute mtoto shati wala kumrekebishia mkanda. Mwonyeshe kwenye wako, ajirekebishe mwenyewe.

Viatu ndivyo vilivyotusumbua zaidi, maana wengi wana jozi moja tu, ya shule, ya skauti na ya sikukuu. Tulifuta alama za viatu vipya. Kiatu kilichotoboka ubavuni lakini kimepigwa rangi na kufungwa kamba vizuri kinapata zote kumi, na yule mzee wa mafundo ndiye anayezitoa.