Chupa nane kwa watu sita: kulinganisha bia za Krismasi za Ubelgiji

Desemba ikifika, viwanda vidogo vya bia vya Ubelgiji hutoa bia ambazo miezi mingine huzioni dukani. Wasemao Kiholanzi huziita kerstbier, wasemao Kifaransa bière de Noël. Nyingi zina rangi ya shaba au kahawia iliyokolea, zina utamu, na zina nguvu: kilevi asilimia 8 hadi 12, wakati laga ya kawaida ya Dar au Nairobi huwa karibu na 5. Kwa ndugu wanaoishi Brussels, Antwerp au Liège, na kwa wanaoletewa chupa na jamaa anayerudi nyumbani likizo, hizi ni bia za kukaliwa mezani kwa utulivu na kupimwa moja baada ya nyingine.

Mara nyingi haiwi hivyo. Inafunguliwa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ikifika ya nne kila mtu anasema zote nzuri. Ulimi umechoka, pombe imepanda, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua ipi imeshinda. Ukitaka kulinganisha kweli, hakikisha kinachotofautiana ni bia peke yake. Joto, glasi, kiasi na hata mashapo yaliyo chini ya chupa viwe sawa kwa kila mtu.

Tuanze na kiasi. Chupa nyingi ni za mililita 330. Ukiacha mililita 30 chini pamoja na mashapo, zinabaki 300, yaani 50 kwa kila mmoja wa watu sita. Ni kidogo kwa macho, lakini ni mafunda matatu au manne, na hayo yanatosha: la kwanza linaosha mdomo, la pili linaonja, la tatu linathibitisha. Chupa nane zenye wastani wa asilimia 10 zitampa kila mtu mililita 400 za bia, na ndani yake mililita 40 za kilevi halisi. Laga ya nusu lita ya asilimia 5 ina mililita 25. Jioni nzima, basi, ni laga moja na nusu na ushee. Anayekunywa chupa mbili kamili za bia hizi peke yake amekwisha kuzidi laga mbili na nusu, tena bila kujua, kwa sababu utamu unaficha ukali. Weka jagi la kutemea na kumwagia mabaki, na atakayeendesha gari anuse tu.

Chagua bia za ukoo mmoja. Ukiweka IPA ya Marekani (bia ya rangi hafifu yenye uchungu mwingi) karibu na bia nyeusi ya Krismasi hulinganishi kitu, unatangaza tu kwamba hazifanani. Orodha nzuri ya nane ni hii: Avec les Bons Vœux ya Dupont (asilimia 9.5), St-Feuillien Cuvée de Noël (9), Delirium Noël (10), St. Bernardus Christmas Ale (10), Gouden Carolus Christmas (10.5), Bush de Noël (12), Stille Nacht ya De Dolle Brouwers (12) na N'Ice Chouffe (10). Soma lebo, maana namba zinaweza kusogea kidogo. Stille Nacht ndiyo ya kuitafuta mapema, kwa kuwa kiwanda chake ni kidogo sana. Kiko kijiji cha Esen, karibu na Diksmuide, magharibi kabisa mwa nchi. Usikichanganye na Essen, mji wa mpakani na Uholanzi ambako Desemba hufanyika tamasha la bia za Krismasi tupu, zaidi ya mia moja chini ya paa moja. Wapo waliopanda treni wakashukia kusiko.

Chupa zikishapatikana, zisimamishe wima. Bia hizi nyingi humalizia kuchacha ndani ya chupa, kwa hiyo zina chachu iliyotua chini. Iliyosafiri kwenye sanduku la ndege ikafunguliwa usiku huohuo itamwaga povu mpaka kwenye kitambaa cha meza, na kitakachobaki kitakuwa kama maji ya udongo. Ipumzike siku tatu hadi tano, gizani. Mwanga unaharibu upesi hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na bia ya chupa ya kijani au nyeupe iliyokaa chini ya taa za dukani hutoa harufu ya kicheche. Dukani chukua chupa ya nyuma ya rafu.

Joto ndilo linaloharibu majaribio mengi kimyakimya. Kwetu bia nzuri ni ile inayotoa jasho kwenye chupa, na kwa laga hilo ni sawa kabisa. Bia ya asilimia 10 ikinywewa kwa nyuzi 4 inakuwa bubu: unasikia utamu na gesi, basi. Zabibu kavu, tende, mdalasini na sukari iliyoungua huamka kuanzia nyuzi 10, na nyuzi 10 hadi 12 ndipo pa kufanyia kazi. Ikivuka 16 kilevi kinapanda puani na kufunika vyote. Toa chupa zote kwenye friji kwa wakati mmoja. Katika chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya zinahitaji kama dakika 45. Dar au Mombasa mwezi wa Desemba, dakika 20 hadi 25 zinatosha, na zile zinazosubiri zamu ziwe kwenye ndoo ya maji baridi isiyojaa barafu. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi. Wala usiharakishe kwa friza halafu ukasahau, kwani bia iliyoganda nusu hupoteza gesi na hubaki na ukungu.

Glasi ziwe za aina moja, ndogo, zenye mdomo uliobanwa kidogo kuliko tumbo. Glasi ndogo za mvinyo zinafaa sana. Zile glasi nzuri zenye nembo za viwanda ziache kabatini leo, kwa sababu kila moja inapeleka harufu puani kwa namna yake, na isitoshe zinataja jina la bia. Osha kwa sabuni kidogo, suuza mara mbili kwa maji ya moto, zikauke zenyewe zikiwa zimeinamishwa, bila kitambaa. Mafuta kidogo tu, ya mkono au ya rangi ya mdomo, yanaua povu. Ukiona viputo vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi badala ya kupanda juu, hiyo glasi ni chafu, na anayeishika ataisingizia bia kwamba imelala.

Sasa kumimina, na hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Mwenyeji anashika chupa, anazunguka meza, anammiminia wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Kila anapoisimamisha chupa na kuilaza tena, mashapo yanachafuka. Wa kwanza anapata bia angavu, kavu kidogo. Wa sita anapata tope la chachu, zito, lenye ladha ya mkate mbichi na uchungu wa nyuma. Kisha wanaketi kubishana kuhusu bia moja, kumbe mbele yao kuna bia mbili. Dawa yake ni jagi la kioo. Lilaze kidogo, mimina chupa yote kwa mkupuo mmoja taratibu ukiwa umeweka taa au tochi nyuma ya shingo ya chupa, na usimame mara tu uzi wa ukungu unapoanza kukaribia shingoni. Zile mililita 30 za chini ziache. Kutoka kwenye jagi gawa mililita 50 kila glasi, upesi, kabla povu halijatulia. Gesi kidogo itapotea, lakini imepotea kwa wote sawa. Mashapo yaweke kwenye kikombe pembeni. Anayetaka kuonja chachu ataonja mwishoni, nayo inastahili kuonjwa, ila peke yake.

Majina yafichwe. Mtu mmoja asiyepiga kura afungulie jikoni, amimine kwenye jagi, alete mezani jagi lenye herufi tu. Chupa yenye tembo wa waridi wa Delirium au Santa Klausi mwenye mashavu mekundu imeshapata alama kabla haijaonjwa, na ile iliyogharimu zaidi ndiyo kabisa. Herufi nazo zisifuate mpangilio wa kumimina, kwa sababu "A" huelekea kupendelewa. Tumia K, M, R, T na nyinginezo bila utaratibu.

Mpangilio wenyewe usifuate asilimia za kilevi kwa upofu. Avec les Bons Vœux itangulie ingawa si dhaifu kuliko zote, kwa kuwa ina rangi ya dhahabu, ni kavu na ina uchungu wa hopsi. Ikija baada ya bia tamu itaonekana chungu isivyo haki. Zifuate za kahawia, kisha zile mbili za asilimia 12. N'Ice Chouffe iwe ya mwisho, japo ni asilimia 10 tu, kwani imetiwa thaimu (jani la kiungo lenye harufu kali) na maganda ya machungwa ya Curaçao, na thaimu ikishakaa kwenye ulimi haiondoki upesi. Baada ya bia nne pumzikeni dakika 20. Kati ya bia na bia ni maji yasiyo na gesi na mkate mweupe mkavu. Karanga za chumvi, krispi, sambusa na kachumbari vingoje. Mafuta na pilipili vinafunga ulimi, chumvi inapunguza uchungu.

Glasi ikifika, nusa kwanza, kabla ya kuizungusha na baada ya kuizungusha. Kisha onja, andika, na dakika mbili za kwanza mtu yeyote asiseme neno. Hili lisimamieni kwa ukali. Mmoja akisema "karafuu", mezani wote watasikia karafuu, hata kama haipo. Alama ziwe chache: harufu, ladha, jinsi inavyojaa mdomoni, na kile kinachobaki baada ya kumeza. Kwangu hicho cha mwisho kina uzito kuliko vingine, maana bia tamu nyingi huanza vizuri na kuacha mdomo unanata.

Vinasaidia sana vikombe vidogo vya viungo katikati ya meza: mdalasini, karafuu, iliki, giligilani, ganda la chungwa, tende moja iliyopasuliwa, kipande cha sukari guru. Ni vya kunusa tu. Sisi tuliokulia jikoni penye pilau tuna faida hapa, na tuitumie. Lakini tuchunge jambo moja: harufu ya karafuu kwenye bia ya Kibelgiji si lazima itokane na karafuu, wala ya ndizi mbivu si ndizi. Zote mbili huweza kutengenezwa na chachu yenyewe inapochachua kimea, ya ndizi hasa joto la pipa likiwa juu. Nusa karafuu ya kikombeni, kisha glasi. Ya kikombeni ni kali, ina kama dawa ya meno ndani yake. Ya chachu ni laini, ina moshi mdogo, na aghalabu imefuatana na ndizi. Ukizoea tofauti hiyo utajua kiwanda kipi kimetia viungo na kipi kimeiachia chachu kazi yote.

Kuna wakati watu wawili watakataana: mmoja anasema K na R ni tofauti kabisa, mwingine haoni kitu. Fanyeni jaribio la glasi tatu. Mbili zenye bia moja, ya tatu yenye nyingine, bila kuonyeshana, na kila mtu ataje iliyo peke yake. Kwa kubahatisha tu mtu ana nafasi moja kati ya tatu. Wakiwa sita na wakapatia watano, hiyo si bahati, tofauti ipo. Wakipatia watatu au wanne, msijenge hoja juu yake. Kwa jaribio hili nunua chupa mbili za kila bia mnayoishuku.

Ikitokea bia yenye harufu ya boksi la karatasi lililolowa, imepata hewa au imekaa kwenye joto. Harufu ya siki kwenye bia isiyokusudiwa kuwa na ladha ya uchachu ni bakteria. Harufu ya siagi nzito mara nyingi ni ishara kwamba haikupewa muda wa kukomaa. Hizo zitoeni kwenye mashindano badala ya kuzipa alama ndogo, kwa sababu mnaipima chupa iliyoharibika, si bia.

Alama zikikusanywa na majina yakifunuliwa, ndipo chakula kije. Jibini ngumu, nyama ya kuoka, keki ya matunda. Pilau yenye mdalasini mwingi inakwenda vizuri na bia ya kahawia isiyotiwa viungo, lakini na ile yenye viungo vingi vinagombana.

Rudini dukani Januari. Bia za Krismasi zilizobaki rafuni aghalabu hushushwa bei kwa sababu ya picha tu iliyo kwenye lebo, na zile za kahawia zenye asilimia 10 kwenda juu zinavumilia miaka. Andika tarehe ya kununua juu ya kizibo kwa kalamu ya wino mzito, ziweke wima mahali penye giza na nyuzi 10 hadi 14, au chini kabisa ya friji kama uko pwani. Desemba ijayo fungua ya zamani pamoja na mpya ya jina lilelile. Hopsi na viungo vitakuwa vimefifia, na tende na sukari guru zitakuwa zimesogea mbele.