Pesa za Nyumbani: Ada ya chuo kwa mtoto wa miaka 6

SWALI: Mwanangu ana miaka 6. Nataka akifikisha 18 ada ya chuo isinikimbize. Naweza kutenga Sh 50,000 kwa mwezi. Niweke benki, ninunue vipande vya UTT AMIS, au hatifungani za serikali? Na niandikishe jina langu au lake? (Mama Neema, Morogoro)

JIBU: Mama Neema, tuanze na lengo, maana wengi hupiga hesabu kwa ada ya leo. Tuseme ada, malazi na chakula vya mwanafunzi ni Sh milioni 4 kwa mwaka. Gharama zikipanda asilimia 5 kila mwaka, miaka 12 ijayo mwaka wa kwanza pekee utakula milioni 7.2, na shahada ya miaka 3 itafika kama milioni 22.6.

Sasa hizo 50,000. Kwenye kibubu zinakuwa milioni 7.2, zinaishia mwaka wa kwanza. Zikiwekwa panapozaa asilimia 10 kwa mwaka zinafika milioni 13.8, na bado hazitoshi. Ongeza kiwango kwa asilimia 10 kila mwaka: 50,000, kisha 55,000, kisha 60,500. Kwa faida ileile utafika milioni 22. Mwezi wa kuongeza uwe Julai. Januari ina sare na madaftari, usiiguse. Hiyo asilimia 10 ya faida tumeitumia kwa hesabu tu, hakuna mfuko unaoiahidi.

Hatifungani, yaani pesa unayoikopesha serikali nayo ikakulipa riba, huanzia Sh 1,000,000, kwa hiyo 50,000 haziingii moja kwa moja. Anza na vipande, yaani sehemu ndogondogo unazomiliki kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji. UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko hiyo, wana Mfuko wa Watoto, wa walio chini ya miaka 18. Zikitimia milioni kadhaa, hamishia sehemu kwenye hatifungani kupitia benki au dalali. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka: milioni 1 kwa riba ya asilimia 12 hukupa 60,000 kila miezi 6. Mtego uko hapa. Zikiingia akaunti ya matumizi, zinaishia sokoni. Toa namba ya akaunti nyingine kabisa, halafu kila zikiingia zinunulie vipande.

Angalia pia mwaka wa kuiva, yaani wa serikali kukurudishia pesa uliyoikopesha. Hatifungani ya miaka 20 au 25 haitakuwa imeiva mtoto akiingia chuo, itabidi uiuze Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa bei ya siku hiyo. Riba za hatifungani mpya zikiwa zimepanda, yako ya zamani itanunuliwa kwa hasara. Kwako tungechagua ya miaka 10, au fupi zaidi ukichelewa kuanza. Miaka miwili ya mwisho, pesa ya muhula wa kwanza ikae mahali inapotoka haraka, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS.

Kuhusu jina: pesa iliyo kwa jina lako peke yako, ukifariki, husubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na chuo hakisubiri. Kwa hiyo tungeandikisha la mtoto. Kabla ya kujaza fomu, linganisha cheti cha kuzaliwa na jina lililoandikwa shuleni, herufi kwa herufi. Neema wa cheti akiwa Nehema shuleni, rekebisha sasa, kabla jina halijafika kwenye cheti cha kidato cha nne.

SWALI: Bodi ya Mikopo si ipo? Akiba ya nini? (Baba Juma, Tanga)

JIBU: Ipo, na aombe. Ila Bodi hiyo (HESLB) huangalia uhitaji wa kila mwombaji, na wapo wanaopewa sehemu tu ya ada na wapo wanaokosa. Akipata, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Tena boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, huweza kuchelewa, na wiki za mwanzo zina nauli, usajili, godoro na chakula. Hata mwenye mkopo kamili aondoke nyumbani na pesa ya kula ya miezi miwili.